Ngoma Isiyopigwa

Kiswahili kina ukarimu wa ajabu katika kitenzi kimoja: kupiga. Ngoma tunapiga, gitaa tunapiga, kinanda tunapiga, hata zumari tunalipiga, ilhali zumari linataka pumzi wala si kofi. Wapenzi wa dansi, ambao nawahesabu miongoni mwa wanaistilahi wetu bora, waliona mapema kwamba neno hilo limebeba mno, wakaligawa: gitaa likawa la kucharazwa, tarumbeta la kupulizwa, tumba za kukung'utwa.

Basi tumwite nani mwanamuziki Mulatu Astatke? Alizaliwa Jimma, Ethiopia, mwaka 1943. Alipelekwa Wales akasomee uhandisi, akarudishwa na sikio lake kwenye muziki. Akasoma London, kisha Boston katika chuo cha Berklee, ambako alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Tumba anazozipiga zina jina kwetu. Ala yake kuu haina.

Ala hiyo ni vibrafoni, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1920. Vipande vya alumini, kwa kawaida 37, vimepangwa kama vya marimba. Chini ya kila kipande lipo bomba, na mdomoni mwa bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Kisahani kikiziba na kuzibua, sauti inatetema. Mguuni pana kanyagio linaloamua kama noti idumu au ikatike. Mchezaji anagonga mara moja tu, kisha kazi yote iliyobaki ni kuitunza ile sauti isife kabla ya wakati wake.

Wako wanaoiita marimba ya chuma. Jina hilo silikubali. Nenda Dodoma useme marimba: Mgogo atakuletea kisanduku chenye ndimi nyingi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba, ala aliyoizungusha duniani marehemu Hukwe Zawose. Marimba ya chuma ipo tayari, na ina wenyewe. Neno marimba limesafiri mbali sana, hata Guatemala, likibebwa na watumwa kutoka bara letu, na kila lilipofika lilitulia juu ya kitu chake. Tusilibebeshe kingine kwa sababu tu nyundo zinafanana.

Mulatu mwenyewe alilijua tatizo la majina. Muziki wake, ulioweka ngazi za noti tano za Ethiopia ndani ya jazi, aliupa jina la Ethio-jazz, na jina likashika. Albamu yake ya 1972, *Mulatu of Ethiopia*, ilitoka New York. Mwaka uliofuata alipiga pamoja na Duke Ellington, Addis Ababa. Baadaye akafundisha, na alipokuwa Harvard mwaka 2007 hadi 2008 alishughulikia namna ya kuipanua krar, kinubi cha kwao, iweze kucheza noti zaidi. Mwalimu wa namna hiyo hafundishi kupiga. Anafundisha kinachotokea baada ya pigo.

Hapo ndipo mawazo yangu yanaporudi Chara, kwenye delta ya Mto Tana, kwa Wapokomo. Wapokomo walikuwa na ngoma iitwayo ngadji ambayo haikupigwa kabisa. Haikugongwa kwa fimbo wala kwa kiganja, ilisuguliwa, ikanguruma. Ilikuwa ya wazee wa Kijo, baraza lao, ikafichwa, na watu wa kawaida waliijua kwa sauti peke yake. Hebu fikiri: ngoma, mama wa ala zote za kupigwa, na iliyo kuu kuliko zote haipigwi!

Ngadji ilikuwa inavuma. Kitenzi hiki tunakitumia kwa upepo, kwa simba, kwa bahari usiku, na kwa ngoma. Pwani tulikuwa nayo hata ngoma iliyoitwa vumi, yenye sauti nzito, ikipigwa kando ya chapuo ndogo; waliopita waliipa ala jina la sauti yake, si la mkono unaoigusa. Ndiyo njia ninayoipendekeza. Vibrafoni iitwe mvumo. Anayeifundisha aitwe mwalimu wa kuliza, kwa kuwa husemwa ngoma inalia, gitaa linalia, na hakuna ala inayolia bila wa kuiliza. Neno kuliza lina huzuni kidogo ndani yake, na sioni kosa. Msikilize Mulatu akiwa peke yake na nyundo zake, mota ikizunguka polepole.

Ngadji moja ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni wa Uingereza mwaka 1902. Tangu 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, imehifadhiwa stoo. Wapokomo wanaidai irudi. Mbao zake zipo na jina lake lipo, ila kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeisikia ikivuma kando ya Tana.