Kamera Itembeayo na Mtazamaji Wake

Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpiga picha wa akina Lumière wa Ufaransa, aliiweka kamera yake ndani ya gondola huko Venice, akapiga picha huku chombo kikipita katika Mfereji Mkuu. Hadi siku hizo kamera ya sinema aghalabu ilisimama juu ya miguu yake mitatu, na vitu viendavyo vilipita mbele yake. Promio aliwaza kinyume chake: ikiwa kamera iliyotulia yaweza kuonyesha viendavyo, basi kamera iendayo yaweza kuonyesha vilivyotulia. Picha iliwapendeza akina Lumière, na wapiga picha wao wakaifuata njia hiyo katika magari ya moshi na meli.

Yapasa hapa kupambanua mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kamera yaweza kugeuka mahali pake, nayo hiyo ni kazi ya shingo. Au yaweza kuhama, nayo ni kazi ya miguu. Katika kuhama, vilivyo karibu hupita upesi na vilivyo mbali hupita polepole, ndipo mtazamaji apatapo kujua kina cha mahali. Giovanni Pastrone alilifahamu jambo hili, na katika *Cabiria* (1914) aliipandisha kamera juu ya kigari, ikasogea taratibu mbele ya majengo yake makubwa. Katika kugeuka hakuna msaada huo.

Lakini aliyeipa miendo hiyo moyo wa mtu ni F. W. Murnau wa Ujerumani, katika *Der letzte Mann* (1924), hadithi ya bawabu mzee wa hoteli anyang'anywaye sare yake. Filamu yaanza kwa kamera kushuka ndani ya lifti na kuvuka ukumbi, kwa kuwa mpiga picha, Karl Freund, alikuwa juu ya baiskeli. Bawabu alewapo, Freund alijifungia kamera kifuani akayumbayumba, hata mtazamaji akauona ulevi kwa macho ya mlevi mwenyewe. Maandishi ya kueleza karibu hayamo kabisa. Mwendo umeshika mahali pa maneno.

Sasa na itazamwe kanuni iliyowahusu Waafrika. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria. Idara hiyo ilifundisha kwamba mtu asiyejua kusoma akionyeshwa picha ya kamera igeukayo, ataona miti na nyumba zikikimbia; kwa hiyo kamera na itulie, na picha iende polepole. Ni kweli kwamba mgeni wa sinema aweza kutatizika, hasa katika kugeuka, lakini hayo ni mambo ya mazoea, wala si ya kabila. Mvuvi wa Pemba arejeaye na ngalawa husema kwamba pwani inakaribia, naye hadhani hata kidogo kuwa mikoko inatembea. Seuze watu wa mjini! Katika miaka ile ile wakazi wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakilipa fedha zao wenyewe kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani, ambazo kamera zake hazikufungwa na kanuni hiyo. Na *Awara* ya Raj Kapoor (1951) ilipendwa mno.

Hasara ya kanuni hiyo ilikuwa katika maana yenyewe. Filamu nyingi za Idara hazikuwa na sauti. Zilichukuliwa vijijini kwa magari, na mtu mmoja akasimama kueleza kwa lugha ya wenyeji. Murnau aliyaondoa maneno akaiachia kamera iseme. Idara iliifunga kamera, ikayatia maneno yote kinywani mwa mfasiri. Mkulima wa filamu hizo alionekana kwa nje tu, akifanya lile aliloamriwa kufanya, na mtazamaji hakupewa nafasi ya kutazama kwa macho yake. Idara ilifungwa mwaka 1955.