ADHANA ILIYOSIKIKA MWEZINI: HISTORIA YA UVUMI NA HISTORIA YA KWELI



Ndugu yangu katika imani, bila shaka umewahi kuletewa habari hii. Kwamba Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia sauti ngeni akiwa kule juu asijue ni sauti ya nini. Miaka ikapita, akaenda Misri, akasikia adhana msikitini, akashtuka na kusema hii ndiyo ile niliyoisikia mwezini. Akasilimu papo hapo. Wengine huongeza kwamba serikali yake ilimfukuza kazi kwa sababu hiyo.

Habari hii imesomwa kwenye mihadhara, imechapwa kwenye vijitabu, na sasa inazunguka kwenye makundi ya simu kila baada ya miezi michache. Watu huandika takbira chini yake. Leo nataka tuifanyie kazi waliyoifanya wanazuoni wetu kwa kila habari: tuulize, isnadi yake iko wapi?

1. TULICHO NA UHAKIKA NACHO

Tarehe 20 Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini. Walioshuka ni wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Mwenzao wa tatu, Michael Collins, alibaki akizunguka juu. Walitembea nje kwa takriban saa mbili na nusu. Muda wote huo mazungumzo yao na Dunia yalikuwa hewani na yakarekodiwa.

Mwezi hauna hewa ya kubeba sauti. Hata wao wawili waliokuwa wamesimama pamoja walisikilizana kwa redio tu. Simaanishi kwamba Allah hawezi kumsikilizisha amtakaye anachokitaka popote. Uwezo wa Allah hauna mjadala. Tunachouliza ni kama jambo hili lilitokea, na huo ni ushahidi wa mtu mmoja tu: Armstrong mwenyewe. Je, yeye alisema nini?

Alikana. Uvumi ulipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi kama Misri, Indonesia na Malaysia, Armstrong alianza kupokea barua na mialiko ya mikutano ya Kiislamu. Ikafika hadi Machi 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikatuma ujumbe kwa balozi zake katika nchi za Waislamu, ikieleza kwamba Bwana Armstrong hakusilimu, na kwamba anasema hivyo bila nia ya kumvunjia heshima mtu yeyote wala dini yoyote. Alirudia kukana kwa mwandishi wa wasifu wake, James Hansen, katika kitabu kilichotoka mwaka 2005. Alifariki Agosti 2012 akiwa kwenye msimamo huohuo.

Wapo wanaodhani mkanganyiko uliongezwa na jina la mji. Baada ya kuacha kazi ya anga, Armstrong aliishi kwenye shamba karibu na Lebanon. Lakini ni Lebanon ya jimbo la Ohio, Marekani, si Lebanon ya Beirut.

Basi tazama, ndugu yangu. Mwenye kisa anakana. Msimulizi wa kwanza hajulikani. Aliyepokea kutoka kwake hajulikani. Kama hii ingekuwa hadithi, Imamu Bukhari asingeigusa hata kwa ncha ya kalamu. Sisi tunaisoma juu ya mimbari.

2. PICHA YA MWEZI "ULIOPASUKA"

Uvumi wa pili ni ndugu wa wa kwanza. Inasambazwa picha ya uso wa mwezi yenye mfereji mrefu ulionyooka, na maneno yasemayo kwamba NASA wamethibitisha muujiza wa kupasuka kwa mwezi.

Picha ni ya kweli. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 10 Mei 1969. Mfereji ule unaitwa Rima Ariadaeus, una urefu wa zaidi ya kilomita 300. Lakini wataalamu wa miamba wanaueleza hivi: gamba la mwezi lilivutwa, zikatokea nyufa mbili sambamba, na ardhi iliyo katikati ikadidimia. Mifereji ya namna hii iko mingi mwezini. Tena mzingo wa mwezi ni karibu kilomita 10,900. Mfereji wa kilomita 300 hauzunguki hata sehemu ya thelathini yake. Hauwezi kuwa mshono wa vipande viwili.

Hapa nakuomba unielewe vizuri, maana wapo watakaonikata neno katikati. Mimi naamini mwezi ulipasuka zama za Mtume (s.a.w.). Lina msingi katika Suratul Qamar, na limepokewa kwa njia sahihi kutoka kwa maswahaba akiwemo Ibn Mas'ud (r.a.). Imani yangu imesimama hapo, haikusimama kwenye picha. Aliyeupasua mwezi kwa amri yake hashindwi kuuunganisha usiache alama. Ukiitundika imani ya kijana wako kwenye picha, siku picha ikielezwa vingine utamwambia nini?

3. SIKU JUA LILIPOPATWA MADINA

Sasa sikiliza tukio ambalo kila mpenda kusambaza angelitafakari kabla ya kubonyeza.

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.) aliyezaa na Maria al-Qibtiyya. Alikuwa mdogo, hajatimiza miaka miwili. Mtume alilia kwa machozi. Na siku hiyohiyo jua likapatwa.

Watu wakaanza kusema: jua limepatwa kwa kufa kwa Ibrahim.

Fikiri kidogo. Hawa hawakuwa maadui, walikuwa waumini, na walilisema kwa mapenzi. Mtume mwenyewe hakutakiwa aseme uongo hata neno moja, angenyamaza tu. Mji mzima ungelala ukiamini mbingu zimemlilia mwanawe, na pengine makabila yangesilimu kwa habari ile. Ni baba mwenye msiba, jua limefifia, na watu wenyewe wameshaunda hoja kwa ajili yake.

Hakunyamaza. Aliswali na watu swala ya kupatwa, akawahutubia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na kwamba havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Haya yamo katika Bukhari na Muslim.

Mtume (s.a.w.) aliikataa hoja ya uongo iliyokuwa inamnufaisha, siku ambayo moyo wake ulikuwa umevunjika. Sisi tunazibeba za aina hiyo tukiwa hatuna msiba wala haraka yoyote, eti kwa kuutetea Uislamu wake!

4. TUNA HISTORIA YA KWELI, KWA NINI TUKOPE YA UONGO?

Kinachoumiza zaidi ni kwamba Waislamu na mwezi wana historia ndefu ya kweli, na vijana wetu wengi hawaijui.

Al-Battani, aliyefariki mwaka 929, alitazama mbingu kwa miongo kadhaa akiwa mji wa Raqqa, Sham. Aliukadiria mwaka wa jua kuwa siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Hakuwa na darubini, na hitilafu yake ni dakika mbili na ushei. Mwaka 1651 padri wa Italia, Giovanni Riccioli, alipochapisha ramani ya mwezi na kuyapa majina mashimo yake makubwa, moja lenye kipenyo cha zaidi ya kilomita 100 alilipa jina la al-Battani kwa matamshi ya Kilatini: Albategnius. Jina hilo linatumika mpaka leo.

Mwaka 997 al-Biruni akiwa Khwarazm na Abul Wafa akiwa Baghdad waliafikiana kutazama kupatwa kwa mwezi kulekule kumoja. Kila mmoja akaandika saa yake. Kwa tofauti ya saa wakapata tofauti ya longitudo kati ya miji yao. Mwezi ukawa saa moja ya ukutani inayosomwa na miji miwili iliyo mbalimbali.

Na kwenye safari zenyewe za Apollo alikuwemo Farouk El-Baz, Mmisri aliyezaliwa Zagazig mwaka 1938 na kusoma Chuo Kikuu cha Ain Shams. Alikuwa katibu wa kamati iliyochagua mahali pa kutua. Alichambua maelfu ya picha za mwezi, na aliwafundisha wanaanga namna ya kuutazama na kuueleza wakiwa juu yake. Unaona? Wapo waliotunga kisa cha Mmarekani kusilimu Misri, na kumbe Misri ilikuwa imeshatoa mtoto wake aliyesaidia kumwelekeza Mmarekani huyo mahali pa kukanyaga.

Juni 1985, siku za mwisho za Ramadhani, Sultan bin Salman wa Saudi Arabia akawa Mwislamu wa kwanza kwenda anga za juu. Oktoba 2007, Ramadhani tena, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alifika kituo cha kimataifa cha anga. Kabla hajaondoka, wanazuoni wa nchi yake walikaa na wataalamu wakaandika mwongozo: kibla ataelekea vipi kwenye chombo kinachoizunguka Dunia kila dakika 90? Saa za swala atafuata za wapi? Wakajibu kwamba ataelekea kwa kadiri ya uwezo wake, na saa zitakuwa za mahali aliporukia. Huo ndio ufanyaji kazi wa fiqhi.

5. NA MIAKA HII YA KARIBUNI?

Mwezi umerudi kuwa njia yenye msongamano. Tarehe 23 Agosti 2023 Wahindi walitua karibu na ncha ya kusini kwa Chandrayaan-3, baada ya chombo chao cha kabla yake kuanguka mwaka 2019. Juni 2024 Wachina walirudisha udongo wa upande wa mwezi tusiouona kutoka Duniani, karibu kilo mbili, wa kwanza katika historia. Safari hiyohiyo, Chang'e 6, ilibeba setilaiti ndogo ya Pakistan, ICUBE-Q, iliyotuma picha kutoka kwenye mzingo wa mwezi.

Imarati nao walituma kigari chao, Rashid, chenye uzito wa kilo 10, ndani ya chombo cha kampuni ya Japani. Tarehe 25 Aprili 2023, siku chache tu baada ya Idi, kilipokuwa kinashuka kikapita juu ya ukingo wa shimo kubwa. Ardhi chini yake ikashuka ghafla. Kifaa cha kupimia kikasoma urefu sahihi, lakini programu ikaona tofauti ni kubwa mno, ikakikataa kipimo na kushika makisio yake yenyewe. Chombo kikaamini kimefika chini ilhali kipo juu kama kilomita 5. Mafuta yakaisha, kikaanguka.

Imarati hawakusema kimetua, na Wajapani hawakuficha. Walieleza kosa wazi na kurudi kazini. Mwenye elimu hufanya hivyo.

6. BASI TUFANYEJE?

Suratul Hujurat imetuamuru kuzihakiki habari kabla ya kuzichukua. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kwamba kusimulia kila unachokisikia kunatosha kumfanya mtu ahesabiwe muongo. Hakusema mpaka autunge uongo. Kuubeba tu kunatosha.

Kwa hiyo ikikujia habari ya ajabu, hata kama inausifu Uislamu, uliza: nani kasema, kasema wapi, na mwenyewe amekiri? Usipopata jibu, iache ikufie mkononi. Ukiwa umeshaisambaza, rudi kwenye kundi lilelile useme haikuthibiti. Kufanya hivyo ni ibada.

Mtoto wako akikuuliza kuhusu mwezi, usimpe kisa cha adhana. Mpe al-Battani, mpe al-Biruni, mpe El-Baz. Kijana aliyelishwa uvumi atakuja kuupekua siku moja kwenye simu yake, na akishaugundua hataishia kukutilia shaka wewe. Ataanza kutilia shaka na yale ya kweli uliyomfundisha. Hapo ndipo penye hasara kubwa.

Uislamu ni haki, na haki haihitaji ushahidi wa uongo.

Allah atujaalie ndimi za kweli, atupe elimu yenye manufaa, na awakinge watoto wetu na shaka tunazowapandia kwa mikono yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.