Kibo kwa Watoto wa Ruvuma

Mlima Kilimanjaro humfikia mtoto wa Msimbati, kwenye pwani ya Mtwara, kabla hajaujua kwa jina. Upo kwenye nembo ya taifa, juu ya kila barua ya serikali inayobandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu: yule mwanamume na yule mwanamke walioshika pembe za ndovu wamesimama juu yake. Lakini kutoka mdomo wa mto Ruvuma hadi Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima huo, ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika yakichachamaa Rufiji ilikuwa ikiitenga Kusini na nchi nyingine. Si ajabu mlima ukabaki picha. Darasani hutajwa urefu wake, mita 5,895, na kwamba una theluji, kisha somo linasonga mbele. Mimi naamini historia ingemfikisha mtoto huyu mlimani vizuri zaidi, kwa sababu mlima ule na mto Ruvuma viliwahi kuandikwa kwenye mapatano mamoja.

Ila baridi itangulie. Mtoto wa pwani akiuliza kwa nini barafu haiyeyuki ilhali kule juu ndiko karibu na jua, ana haki ya kuuliza, na jibu lake liko Newala. Anayepanda huko, kwenye uwanda wa Makonde, mwezi wa Julai hubeba sweta. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Watoto wapige hesabu wenyewe kuanzia nyuzi 28 za ufukweni. Watafika kwenye sifuri kabla hawajaumaliza mlima. Miamba nayo ni tofauti. Uwanda wetu ni mchanga na mashapo yaliyotuama. Kilimanjaro ni mawe yaliyoyeyuka, yakamwagika na kurundikana katika volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimekufa. Kibo imelala tu, na kwenye kreta yake bado hutoka gesi yenye harufu ya salfa.

Misafara kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikiujua mlima huo kabla ya Mzungu yeyote kuandika habari zake. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona weupe wa kilele. Alisimuliwa pia kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakaangalie kama weupe ule ni fedha. Aliyesalimika alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Kisa hicho ndicho ningeanza nacho darasani. Kinaonyesha kwamba wenyeji walishafanya uchunguzi wao, tena kwa gharama ya maisha, wakati mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikuwa London akikana kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta.

Ubishi huo ulimalizwa na mtu aliyeanzia Kusini. Karl Klaus von der Decken alitoka Kilwa mwaka 1860 kuelekea Ziwa Nyasa, akifuata njia ya Albrecht Roscher, Mjerumani mwenzake aliyeuawa karibu na ziwa hilo mwaka huohuo. Safari ikamshinda. Mwaka 1861 akageukia Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mjiolojia kijana ambaye David Livingstone alikuwa amemwachisha kazi kule Zambezi. Mwaka uleule Livingstone mwenyewe alikuwa Ruvuma, akijaribu kupandisha mto kwa meli yake Pioneer hadi maji yakampungukia. Mwaka 1862 von der Decken alirudi mlimani na Otto Kersten, wakapita mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Livingstone naye alishuka Mikindani Machi 1866, akaanza safari ambayo hakurudi akiwa hai.

Kisha ukaja mwaka 1886. Uingereza na Ujerumani zilipogawana pwani na bara, mpaka wa kaskazini ulipigwa kutoka mto Umba, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro upande wake wa kaskazini, hadi Ziwa Viktoria. Mpaka wa kusini ukawa Ruvuma. Desemba mwaka huohuo Ujerumani na Ureno zikakubaliana juu ya mto huohuo, ingawa mwaka 1894 Wajerumani waliivuka mipaka yao na kuitwaa Kionga, kusini ya mdomo wake, na Wareno wakairejesha mwaka 1916. Wamakonde wakabaki ng'ambo zote mbili za mto. Iko hadithi maarufu kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima Kaizari Wilhelm siku ya kuzaliwa kwake. Watoto wasifundishwe hivyo: Wilhelm alitawazwa mwaka 1888, mpaka ukiwa umeshachorwa.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na kilele kikapewa jina la Kaizari huyo. Jina hilo lilikoma pale Tanganyika ilipopata uhuru. Mwaka 1959 Julius Nyerere alikuwa amezungumza kwenye Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro ili umulike hadi nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera hadi kilele ambacho sasa ni Uhuru. Mwenge wa Uhuru unaokimbizwa kila mwaka hufika Mtwara pia, na watoto hujipanga barabarani kuupokea. Hapo ndipo mwalimu angewaambia safari ya kwanza ya moto huo ilikuwa wapi.

Jambo moja haliwezi kungoja. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka, na mwaka 2022 UNESCO ilitabiri kwamba iliyobaki itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Mtoto aliye darasa la tatu leo atakuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Picha nyingi za Kibo anazoonyeshwa zina kofia nene ya barafu, hazina tarehe. Kila picha ya mlima huo inayoingia darasani iandikwe mwaka ilipopigwa.