Uhuru wa Mwanafunzi na Jicho la Mtahini wa Nje

Mnamo mwaka 1922, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alianzisha katika Chuo cha Swarthmore, Marekani, mpango maalumu wa shahada kwa wanafunzi hodari. Katika miaka yao miwili ya mwisho walisamehewa mihadhara ya kawaida; walisoma wenyewe, wakaandika makala na kuyatetea mbele ya wenzao kwenye semina. Hatimaye walitahiniwa na wataalamu kutoka vyuo vingine. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu: mwalimu hakuwa tena hakimu wa mwanafunzi wake, bali mwenzake katika kujiandaa kwa hukumu ya mgeni. Nasi tunaosimamia tasnifu za Kiswahili hatuna budi kujiuliza: je, mwanafunzi wetu anatafiti swali lake, au anaturudishia sauti yetu wenyewe?