Msalaba wa Shaba (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Uvira, 1974. Papa Maestro, mwalimu wa kwaya aliyehamia Kalundu kutoka kusini, amewafungulia wanakwaya wake wawili sanduku la bati. Ndani mna nota za misa, na karatasi moja aliyowahi kuificha chini ya mkeka.

SASA ENDELEA...

"Papa Maestro, ile ingine ni ya nini?" aliuliza kijana wa ngoma.

"Ngoja kwanza, mutoto. Hizi nota ni za mwalimu wangu." Jina alilitaja kwa kunong'ona: Joseph Kiwele. Tangu 1972 majina ya Kikristo yalikuwa marufuku katika Zaire ya Mobutu, na majirani walikuwa wanasikiliza.

Kiwele alikuwa mtoto wa Mpala, kwenye mlango wa mto Lufuko. Maji ni yale yale ya Tanganyika yanayopiga bandari ya Kalundu, ila mbali kusini, kupita Kalemie. Mapadre Weupe walikishika kituo cha Mpala mwaka 1885, na ni pwani hiyo iliyomtoa Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa enzi za ukoloni kupata upadre, mwaka 1917. Aliyelelewa huko alisikia nyimbo za Kilatini mchana na ngoma za Watabwa usiku.

Alipokuwa mtu mzima alifundisha muziki Élisabethville, kwa Wabenedikto. Padre Anschaire Lamoral alikuwa ameanzisha huko kwaya ya wavulana mwaka 1937, Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Kiwele aliwaandikia Misa ya Katanga: Kilatini kikabaki, sauti zikawa za kwetu. Mwaka 1953 wavulana hao walivuka bahari, wakaiimba Ubelgiji.

"Sikiliza." Papa Maestro aliweka sikio kwenye sanduku, akagonga bati kwa vidole viwili, polepole, kisha akaongeza kiganja. Midundo mitatu dhidi ya miwili. Msichana wa sauti ya kwanza akaingia bila kuambiwa. Mzee akasimamisha mkono.

"Umewahi. Kiwele angekurudisha mwanzo mara kumi, na asingekukemea hata mara moja."

Mimi nasema ukubwa wa Kiwele ulikuwa hapo, mbele ya mtoto aliyekosea mdundo. Cheo alichopewa baadaye hakikumwongezea kitu.

"Sasa ile karatasi, Papa."

Mzee alinyamaza. Halafu akainua mkeka.

"Tarehe 11 Julai 1960, Kongo haijamaliza wiki mbili za uhuru, Tshombe, kiongozi wa jimbo letu, akatangaza Katanga ni nchi. Bendera ikashonwa. Batoto, munajua walichora nini juu yake? Misalaba mitatu ya shaba. Alama ya kwaya yetu."

Nchi mpya ilitaka waziri wa elimu. Ilitaka pia wimbo wa taifa. Kwa yote mawili walimwita mwalimu wa muziki, naye akakubali. Wimbo ukaitwa La Katangaise.

"Kwa nini alikubali?" Msichana alikuwa amekasirika waziwazi.

"Niliuliza hivyo hivyo. Akanipa hii, akasema nitaelewa. Mwaka uliofuata, 1961, tukamzika. Nchi yenyewe ilikufa Januari 1963."

Kijana aliivuta karatasi karibu na taa ya mafuta. Mistari mitano, nota zimepangwa kwa wino. Alikuwa amejifunza kusoma nota mwaka huo, na mtu aliyejifunza karibuni hawezi kutazama nota kimya. Akaanza kuiimba, kwa sauti iliyopanda kabla mzee hajatambua ni wimbo gani.

"Nyamaza! Huo ni wimbo wa waasi!"

Nje, mbwa wakabweka. Viatu vizito vikasimama mlangoni.

"Sitwayen Maestro," sauti ikaita, "nani anaimba humo ndani? Fungua."

Papa Maestro akaitazama taa, kisha karatasi. Msichana akaidaka kwanza, akaipeleka kwenye moto. Ndipo alipoona, nyuma yake, maandishi ya mkono yaliyoanza na jina la mzee.

ITAENDELEA WIKI IJAYO