Kipalapala na ukuaji wa mji wa Tabora

Kipalapala ni eneo la pembezoni katika Manispaa ya Tabora, magharibi mwa Tanzania, upande wa kusini wa mji. Nje ya mkoa linajulikana zaidi kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo na kwa kiwanda cha uchapaji cha T.M.P., ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimesomwa nchi nzima. Kwa watu wa Tabora wenyewe, Kipalapala ni mojawapo ya pande ambako mji unakutana na mashamba ya mihogo, karanga na miembe, na ambako mtu mwenye kipato cha kawaida bado anaweza kufikiria kujenga nyumba yake.

Mji huu haukuzaliwa jana. Wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kazeh, na ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda Karagwe na Buganda. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga, na watu waliotekwa walipitishwa njia hiyohiyo kwenda kuuzwa. Waarabu wa Oman na Zanzibar walijenga tembe zao huko Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi uliouzunguka mji. Hawakuwa peke yao: Mhindi Musa Mzuri alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo kuweka makao Kazeh, na Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliikuta biashara imeshakomaa.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifungua kituo Kipalapala mwaka 1881, wakawalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Kituo kilifungwa mwaka 1889, wakati uhusiano wao na Mtemi Isike wa Unyanyembe ulipokuwa mbaya. Isike mwenyewe alikufa Januari 1893 akipinga uvamizi wa Wajerumani. Seminari ilianzishwa mwaka 1925, na miongoni mwa waliosoma hapo ni Kardinali Polycarp Pengo. Kwa miongo mingi Kipalapala ilikuwa mahali pa masomo, mashine za kuchapa na bustani, mbali kidogo na kelele za stesheni ya reli, ambayo treni ya kwanza iliifikia mwaka 1912.

Umbali huo unapungua. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 188,808 katika manispaa nzima, ile ya 2012 ikakuta 226,999, na ya 2022 ikakuta 308,741. Ongezeko la miaka kumi ya mwisho ni zaidi ya mara mbili ya lile la miaka kumi iliyotangulia. Watu hao hawakupata nafasi Gongoni, Kanyenye au Ng'ambo, mitaa ya zamani iliyokwisha kubanana. Wengi wamekwenda pembezoni, na manispaa hii yenye kata 29 ina pembezoni nyingi ambazo hadi juzi zilikuwa vijiji.

Kupata mahali pa kujenga

Katika maeneo ya namna hii nyumba kwa kawaida hutangulia mpango. Shamba la familia hukatwa vipande, dalali huleta mnunuzi, watu hupima kwa hatua au kwa kamba, na mauziano huandikwa mbele ya mashahidi na kupigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa wengi. Si hati miliki, na benki haitaikubali kwa mkopo mkubwa, lakini bila hiyo mjane anaweza kuondolewa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Mtu anayenunua kwa uangalifu humtafuta kwanza jirani wa kila upande, kwa sababu jirani anajua mpaka kuliko dalali.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 zinatoa njia ya kurasimisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa: wananchi wanakubaliana na wataalamu wa manispaa kuhusu barabara na maeneo ya umma, viwanja vinapimwa, mawe ya mipaka yanazikwa, na kila mwenye kiwanja anaomba hati. Kazi hii ni ngumu zaidi inapokuja baada ya ukuta kusimama. Barabara ya mita kadhaa inahitaji mtu fulani arudishe uzio wake nyuma, na huyo fulani ameshapanda miti na kuchimba choo hapo. Kupima mapema, wakati bado ni mihogo tupu, ni nafuu kwa kila mtu, na hili ndilo jambo ambalo halmashauri za miji inayokua zinastahili kulaumiwa zinapolichelewesha.

Ujenzi wenyewe unaacha alama ardhini. Tofali la kuchoma ndilo linalotawala. Udongo huchimbwa karibu na kiwanja, hufinyangwa kwa kalibu ya mbao, hukaushwa juani chini ya nyasi, kisha matofali hupangwa kuwa tanuri kubwa lenye matundu chini yanayoingizwa magogo. Moto hukaa usiku na mchana, na tanuri hupakwa tope nje ili joto lisitoke. Matofali yakishapoa na kubebwa, shimo hubaki. Mvua za Novemba hulijaza maji, na maji hayo hukaa hadi Aprili, mbu wakizaliana humo na watoto wakicheza kando yake. Kata yoyote ya pembezoni ina mashimo haya. Kuyafukia ni wajibu wa aliyechimba, lakini mwenye wajibu huo huwa ameshauza matofali yake na kuondoka.

Magogo ya tanuri, mkaa wa jikoni na kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani vyote vinatoka kwenye misitu ileile ya miombo inayowalisha nyuki wa Tabora. Asali ya mkoa huu ina sifa ya muda mrefu, na mji una chuo cha ufugaji nyuki. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Amri hiyo inazigusa shule, magereza na vyuo, lakini jiko la nyumbani bado linategemea gunia la mkaa linalokuja mjini nyuma ya baiskeli.

Maji

Kwa miaka mingi Tabora ilikunywa maji ya bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, na la Kazima. Mvua ilipokuwa haba, mabwawa yalipungua na mgawo ukaanza. Aliyeathirika kwanza alikuwa mkazi wa pembezoni, ambako presha hufika imechoka au bomba halijafika kabisa. Huko watu walitegemea visima vifupi vinavyokauka ifikapo Septemba na Oktoba, na wauza maji wenye madumu ya manjano kwenye baiskeli na mikokoteni. Dumu la maji wakati wa uhaba daima ni ghali kuliko maji ya bombani, kwa hiyo maskini wa pembezoni alilipa zaidi kuliko mwenye bomba uani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Bomba linaanzia Solwa, mkoani Shinyanga, likiunganishwa na mfumo wa zamani unaochota maji Ihelele, Misungwi, na linapita Nzega na Igunga pia. Fedha zake zilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya India, zaidi ya dola milioni 260. Mji ulioanza biashara na Wahindi wakati wa misafara sasa unafungua bomba lililogharimiwa kwa mkopo wa India.

Bomba kuu, hata hivyo, halimalizi kazi. Mamlaka ya maji, TUWASA, inapaswa kulaza mabomba madogo hadi kwenye mitaa mipya, na mabomba hayo hupita kwenye hifadhi ya barabara. Mtaa usiopimwa hauna hifadhi hiyo. Mita inafungwa mbali, na familia inavuta mpira wake yenyewe ukikatiza viwanja vya watu. Bodaboda mmoja akiukanyaga, nyumba tano zinakosa maji.

Barabara, kodi na kikao cha mtaa

Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, tangu mwaka 2017. Mkazi anayetaka kalavati hana budi kupita kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani, na hatimaye wakala ambao haukuchaguliwa naye.

Kodi ya majengo nayo imehamia kwenye umeme. Tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita moja. Imerahisisha ukusanyaji. Lakini katika nyumba ya kupanga anayenunua umeme ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba. Kumdai mwenye nyumba shilingi hizo kunahitaji ujasiri ambao mpangaji wa chumba kimoja mara nyingi hana.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana wa Tabora mkopo huu mara nyingi maana yake ni pikipiki ya bodaboda.

Mikataba ya reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, ilitiwa saini kati ya Desemba 2021 na Desemba 2022. Njia hizo zikikamilika mji utarudi kuwa makutano makubwa ya safari, na bei ya ardhi itapanda kwanza pembezoni. Ndiyo sababu kazi ya haraka kwa upande wa Kipalapala ni kutenga sasa maeneo ya shule, zahanati, soko, makaburi na dampo, na kuyatangaza kwenye mkutano wa mtaa ili kila mnunuzi ayajue kabla hajalipa.