Ukienda Aberdare, Pitia Wamagana

Mgeni wa mbuga ya Aberdare kwa kawaida haioni Wamagana. Gari linatoka Nairobi, linapita Karatina, linafika Nyeri, watu wanakunywa chai, kisha moja kwa moja hadi lango la mbuga. Wamagana iko pembeni, safari fupi ya matatu kutoka Nyeri mjini. Ndiyo makao makuu ya Tetu, mji mdogo wa soko uliozungukwa na chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa, na juu yake unaona msitu umekaa kama ukuta. Nimeifika, na nawaandikia Wapwani wenzangu wanaopanga kupeleka watoto bara skuli zikifungwa. Tsavo tunaijua, tunaiona hata tukiwa ndani ya treni. Aberdare ni habari nyingine.

Kwanza jina. Wenyeji wanaiita Nyandarua. Aberdare ni jina la bwana mkubwa wa Kiingereza, rais wa chama cha wanajiografia cha London, na aliyeipa milima jina hilo ni Joseph Thomson, Mskochi aliyeondoka Mombasa mwaka 1883. Wapagazi wake wengi aliwakusanya Zanzibar. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwapo siku milima ya watu ilipobatizwa, mizigo kichwani.

Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1950. Ina ukubwa wa kilomita mraba 766 hivi, na kilele chake cha juu, Ol Donyo Lesatima, kinafika mita 4,001. Humo mna ndovu, nyati, vifaru weusi, chui, mbega, nguruwe wakubwa wa msituni, na bongo, yule paa mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye hata walinzi wengi hupitisha miezi bila kumwona. Yupo pia chui mweusi, na wanaomtaja ni wengi kuliko waliomwona.

Lakini usitarajie mambo ya Tsavo. Kule nchi iko wazi, unamfuata mnyama kwa gari. Hapa ni msitu, mianzi na ukungu. Unaweza kuendesha saa mbili na kilichokupita ni kinyesi cha ndovu kinachofuka moshi. Wageni wengi hurudi wakinung'unika, na wanachokosa ni kuelezwa mapema kwamba Aberdare mtu hangojewi na mnyama, mtu ndiye anayengoja. Ndiyo maana hoteli zake zilijengwa juu ya madimbwi na sehemu za chumvi. Mnyama anakuja usiku kulamba chumvi na kunywa maji, wewe uko juu kimya na blanketi lako. Katika hoteli iitwayo The Ark, kengele hulia vyumbani usiku, na idadi ya milio inakuambia ni mnyama gani amefika. Hoteli hiyo imejengwa kwa umbo la safina ya Nabii Nuhu. Mafundi wa majahazi wa Lamu wangecheka, chombo kizima kimekwama mlimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Mama wa hoteli hizi zote ni Treetops. Eric Sherbrooke Walker aliijenga mwaka 1932, vyumba vichache vya mbao juu ya mti mkubwa. Hata hoteli ya mbao iliyojengwa juu ya dimbwi kule Shimba Hills, Kwale, iliiga mtindo huu. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala hapo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, pamoja na mumewe. Usiku huohuo babake akafariki kwao, na yeye akawa malkia bila kujua. Habari alipewa siku ya pili, akiwa kwenye nyumba ya Sagana. Hadithi hii mgeni yeyote atasimuliwa, mara mbili au tatu, na picha ataonyeshwa.

Hadithi ya pili ndiyo huipati mpaka uulize. Dereva wa kampuni moja aliyenichukua alikuwa na Malkia tangu Karatina hadi langoni. Nilipomuuliza Kimathi alikamatwa wapi, akanyoosha mkono upande wa kushoto, akaongeza mwendo. Basi nilishuka Wamagana siku iliyofuata, nikauliza huko.

Dedan Kimathi alizaliwa Tetu hii hii, eneo la Thegenge, mwaka 1920. Vita vya Mau Mau vilipoanza, msitu huu ambao mgeni anaulipia kiingilio ulikuwa kambi yake. Mwaka 1954 wapiganaji waliichoma Treetops, ikaisha yote. Ile ambayo watu waliilala baadaye ilijengwa mwaka 1957, ng'ambo ya dimbwi. Serikali ya mkoloni nayo ikawatoa watu wa vijiji, wanawake wengi sana miongoni mwao, ikawachimbisha handaki refu kandokando ya msitu, ndani yake vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha. Shabaha ilikuwa kuzuia chakula kisiingie na wapiganaji wasitoke. Kazi haikulipwa. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Kahigaini, ukingoni mwa msitu karibu na handaki hilo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Nieleweke. Sina ugomvi na marehemu Malkia. Alipofariki Septemba 2022, wanahabari wa dunia walikumbuka Treetops, nayo ilikuwa imefungwa tangu wakati wa korona. Ninachosema ni kwamba usiku mmoja wa mgeni umepewa ukuta mzima wa picha, na miaka minne ya wenyeji imepewa kidole cha dereva.

Leo pale ukingoni kuna uzio wa umeme. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa mwaka 1988 ili kuwakinga vifaru na majangili, kazi ya uzio ikaanza mwaka uliofuata, na mwaka 2009 ukakamilika, kilomita 400 hivi kuzunguka msitu wote. Sehemu ya wavu imezikwa ardhini kuwazuia wanaochimba. Mkulima wa Tetu atakwambia kabla ya uzio alikuwa analala shambani na debe la kupiga, na asubuhi anakuta viazi na mahindi vimekanyagwa. Sasa analala nyumbani. Wazee wengine hupaza sauti kidogo wakiutazama ule waya: mstari wa kwanza tulichimbishwa kwa kiboko, huu wa pili angalau unatulinda sisi.

Mtu wa Kwale anaelewa maneno haya bila kufafanuliwa. Shimba Hills, hifadhi tangu 1968, ina ndovu wetu na palahala wetu, na jirani yake Mwaluganje ni ardhi ya wananchi waliokubali mwaka 1995 iwe ya ndovu ili wapate mgao wa viingilio. Mgeni akifika kule hukutana na mwenye ardhi. Aberdare ukipita langoni hukutani naye kamwe, ila umtafute wewe. Wamagana ndiko anakopatikana.

Na kuna maji. Gura na Chania hutoka kwenye msitu huu, huingia Tana, na Tana huja kumwagika kwetu karibu na Kipini. Mpokomo anayelima mpunga kandokando ya mto anategemea mvua iliyonyesha Nyandarua. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Tetu hiyohiyo, mwaka 1940, akawa mbunge wao mwaka 2002 na kupewa Nobel ya Amani mwaka 2004. Kilio chake cha miti kilianzia kwenye vijito vya hapa vilivyokauka.

Sasa ya safari. Epuka Machi hadi Mei, barabara za ndani ni tope tupu. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, hilo halina mjadala. Langoni hawapokei pesa taslimu, unalipa kwa mtandao kupitia eCitizen, na beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mkenya ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Maporomoko ya Karuru, yenye ngazi tatu na jumla ya mita 273, yanafaa hata kwa siku ambayo mnyama hakuonekana.

Nyeri mjini kuna msikiti. Nyama uliza kabla hujaagiza, au beba chakula chako. Wamagana yenyewe utapata chai ya maziwa mazito, mukimo na maharagwe, na watu wanaokaribisha mgeni kwa kumuuliza kwao wapi. Chukua sweta mbili, si moja. Maji ya kutawadha alfajiri kule ni baridi ya barafu, na hoteli za bei yetu hazichemshi kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo agiza chupa ya maji moto usiku, uilaze chumbani.